Ubao wa kuongelea: namna ya kuutengeneza nyumbani

Mimi sisemi kwa mdomo. Nina utindio wa ubongo tangu kuzaliwa. Mkono wa kuume haunitii kabisa, wa kushoto unatii ukipenda. Haya nayaandika kwa simu, kidole kimoja, kwa ajili ya wazazi wanaoniona sokoni Kadutu, hapa Bukavu, na kumuuliza yaya wangu ubao ule wa maneno ninayoyagusa ili kuongea tuliupata wapi. Wanamuuliza yeye, si mimi. Tutafika hapo.

Anza na ndiyo na hapana. Tafuta kiungo kinachomtii mwenyewe hata akichoka: macho, kichwa, mguu. Mimi nikitazama juu ni ndiyo, nikifumba macho ni hapana. Nyumba nzima ifuate ishara hizo hizo. Na uliza jambo moja moja, ukisema "unataka chai au maji?", ndiyo yangu itakuwa ya nini?

Kwa ubao, kartoni ya sabuni inatosha, na karatasi nyeupe, na skochi pana (utepe wa gundi) ya kufunika juu yote, maana mvua ya Bukavu haibishi hodi. Kabla ya kuchora, mwekee kartoni tupu mbele aiguse, utie alama pale mkono unapotua wenyewe. Hapo ndipo pa maneno ya kila saa. Mkono ukitetemeka, miraba iwe mipana kama ngumi, hata yakibaki maneno kumi na mawili.

Kwenye maneno ndipo wengi wanapoharibu. Wanachora fufu, sombe, samaki wa sambaza, choo, basi. Lakini fufu inaletwa hata nisipoiomba! Ninachohitaji ni "sitaki", "ngoja", "kwa nini", "nani", "unaongopa", na "neno langu halimo humu". Hilo la mwisho lisikose, la sivyo watakisia mpaka usiku. Weka na la utani. Langu ni "mheshimiwa!", namgusia mjomba akianza hotuba. Vitenzi viandike mara moja tu, kisha weka "mimi", "wewe", "yeye", "jana", "kesho" na "si". Nikigusa mimi, si, kula, jana, umeelewa.

Kwa anayejua kusoma, nyuma ya ubao panga herufi mistari mitano, kila mmoja uanze na irabu: A hadi D, E hadi H, I hadi N, O hadi T, U hadi Z. Asiyeweza kunyoosha mkono anatajiwa irabu kwanza, "A? E? I?", naye anatoa ishara yake ya ndiyo, kisha herufi za mstari huo moja moja. Usifute C, Q na X eti si za Kiswahili. Cikuru utamwandikaje?

Ukimaliza, usimkabidhi ukaondoka. Gusa ubao wewe pia unapoongea naye, aone unavyotumika, hata miezi. Ukiuliza, nyamaza, hesabu hadi kumi moyoni. Usinimalizie sentensi.

Sasa hospitali na ofisi. Muuguzi mmoja alimuuliza yaya, "Anaumwa wapi?", mimi niko mbele yake. Tangu hapo ubao wangu una karatasi ya Kiswahili na Kifaransa: "Ninasikia na ninaelewa. Niulize mimi. Ngoja nijibu." Chini yake tumeandika sheria ya Kongo ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 2015. Kifungu cha 2 cha Mkataba huo kinataja njia mbadala, kama ubao huu, kuwa sehemu ya mawasiliano. Cha 21 kinataka zikubaliwe katika shughuli rasmi. Wengi hawasomi mpaka mwisho, ila wakiona namba za vifungu wanageuza kiti kunielekea.

Kwa daktari tengeneza ubao mdogo wa pili, ukubwa wa daftari: mwili umechorwa mbele na nyuma, namba 1 hadi 5 za ukali wa maumivu, "tangu leo", "tangu jana", "naogopa". Ongeza na "yaya atoke nje", kwa sababu kuna maswali ambayo sitaki ayasikie.