Somo: Parachichi lililoiva kupita kiasi na tui lililobaki, kwa nywele kavu za kipilipili

Parachichi lililolegea hadi halifai tena kwa kachumbari, pamoja na tui zito lililobaki baada ya kuunga mboga, ni vitu vizuri vya kulainishia nywele kavu kabla ya kuziosha. Havikuzi nywele, tuseme hilo mapema. Kazi yake ni kuupaka unywele mafuta ili usinyonye maji kupita kiasi wakati wa kuosha, na usikatike ukipitishwa kitana. Kwa nywele zetu, zinazokatikia penye mikunjo, hiyo si faida ndogo.

Vipimo vya nywele zinazofika mabegani zikivutwa:
- parachichi 1 la kiasi
- tui la kwanza, vijiko 6 vya chakula
- mafuta ya nazi, kijiko 1 cha chakula

1. Nusa, kisha onja. Tui lililokwisha kutiwa chumvi, bizari au pilipili halipandi kichwani. Lililochacha mwaga. Tui likikaa mezani siku ya joto huharibika ndani ya saa chache, kwa hiyo linalobaki liingie kwenye friji mara moja na litumike kesho yake. Parachichi lenye weusi kidogo, kata hapo penye weusi. Lenye ukungu tupa lote.

2. Jaribu kwenye ngozi. Paka parachichi na tui kidogo ndani ya kiwiko, suuza, subiri siku moja. Anayewashwa na glavu za mpira awe mwangalifu zaidi, maana baadhi yao huwashwa na parachichi pia, na hata ndizi.

3. Saga, halafu chuja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kuponda kwa uma hakutoshi: nyuzi na vipande vinanasa kwenye mikunjo ya nywele, vikikauka vinaonekana kama mba. Saga vyote kwenye blenda dakika 2, kisha kamua kwa kitambaa chepesi au stokingi safi. Kisichopita kwenye kitambaa hakitatoka kichwani kirahisi. Mchanganyiko uwe mzito kama uji wa mtoto; ukitiririka, tui limezidi.

4. Paka. Gawa nywele mafungu 4 hadi 6, zinyunyizie maji hadi zipate unyevu bila kudondosha. Anza kwenye ncha, kwa kuwa ndiyo sehemu kongwe na kavu kuliko zote, panda juu. Mwenye mba aache upana wa vidole viwili kutoka kwenye ngozi: vijidudu vinavyochangia mba hula mafuta.

5. Funika. Kofia ya plastiki, juu yake taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Usilale nayo. Tui litachacha kichwani, na unywele uliolowa saa nyingi huvimba na kudhoofika.

6. Suuza kwa maji ya uvuguvugu, kisha shampuu mara mbili. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo mtu wa Njombe au Limuru akitumia maji ya bomba ya asubuhi, mafuta yatamgandia kichwani. Ndiyo maana pia tunapaka kabla ya shampuu, tofauti na stimingi ya saluni: shampuu ndiyo itakayoondoa mabaki. Malizia na kondishena yako ya kawaida.

Mara moja kila wiki mbili inatosha.

Maswali ya wanachama

*Nilitumia ndizi badala ya parachichi, sasa nina vipande kichwa kizima. Nifanyeje?*
Usichane zikiwa kavu, utazikata. Lowesha, paka kondishena nyingi, pitisha kitana chenye meno mapana chini ya maji yanayotiririka, fungu moja moja. Ndizi ina mafuta kidogo sana, hivyo ukiiacha hukosi kitu. Iache kwa maandazi.

*Dada, na yai je? Langu liliiva kichwani.*
Maji yalikuwa ya moto. Yai husuuzwa kwa maji baridi. Hata hivyo protini yake ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele. Inabaki juu tu na kuuacha mgumu.

*Maji ya mchele yanafanya nywele zangu kuwa kama fagio.*
Ni wanga, ule ule unaokakamaza nguo. Loweka mchele nusu kikombe kwenye maji vikombe 2, dakika 30, tumia siku hiyo hiyo, suuza baada ya dakika 10. Zikiendelea kukakamaa, achana nayo kabisa.

*Chai ya rangi iliyobaki naweza kuitumia?*
Ndiyo, ikiwa haina sukari wala maziwa. Kikombe 1 cha chai kwa kikombe 1 cha maji, mwagia mwishoni, dakika 5, suuza. Mvi huchukua rangi, na taulo jeupe pia. Ikitumiwa mara kwa mara hukausha.

*Limau au magadi kwa ajili ya mba?*
Hapana. Limau lina asidi kali mno kwa ngozi, na likipigwa na jua linaweza kuunguza. Magadi yanafungua magamba ya unywele na kuuacha ukikwaruza. Mba isiyopoa inahitaji shampuu ya dawa kutoka famasi.

*Nina rasta, mchanganyiko huu unanifaa?*
Hapana, hata ukichujwa. Ndani ya rasta hautoki, utaoza na kunuka. Tumia mafuta ya nazi matupu, machache, kwenye ncha.

*Nimeweka dawa ya kunyoosha nywele wiki hii na ngozi imeungua kidogo.*
Subiri hadi vidonda vikauke kabisa. Kwa sasa osha kwa upole na usipake chakula chochote hapo.