Kabla ya kuchagua kozi, someni masomo yake

Mzazi mwenzangu, kijana akikwambia anataka kusoma saikolojia, usikimbilie kumuuliza kazi ataipata wapi. Kaeni pamoja, fungueni tovuti ya chuo, mtafute orodha ya masomo ya kozi hiyo mwaka kwa mwaka, mpitie somo moja moja. Saikolojia ina takwimu, tena mapema. Sayansi ya kompyuta ina hisabati nzito, si kuandika programu tu. Binti yangu aling'ang'ania usanifu majengo kwa kuwa anapenda kuchora. Tulipofika kwenye masomo ya miundo na uzito unavyobebwa na nguzo, alinyamaza, akarudia kusoma, kisha akasema, "Hii nayo naitaka." Nikatulia moyo.

Halafu mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Wa kwanza bado ana ugeni. Kijana amuulize mwenyewe wiki yake ya kawaida ikoje, wewe kaa pembeni.

Na msilipe ada kabla ya kuhakikisha kwa mamlaka inayosimamia vyuo kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa, kozi ikawa bado.