Kabla ya kununua mazabodi, tazama bamba la kupoozea

Ndugu zangu mnaojiundia kompyuta hapa Mbeya, kama mnataka kuongeza kasi ya prosesa kupita ile ya kiwandani, msivutwe na taa za rangi kwenye mazabodi, yaani bodi kuu inayounganisha vipuri vyote vya kompyuta. Tazameni kando ya soketi ya prosesa. Pale kuna saketi inayoshusha umeme kutoka volti 12 hadi volti 1 na ushei. Ndiyo inayobeba mzigo wote, na ikichemka sana prosesa hujipunguzia kasi. Chagueni yenye bamba nene la alumini juu ya saketi hiyo, lenye mapezi ya kupitisha hewa, maana bamba halipigi kelele wala halichakai.

Epukeni yenye kifeni kidogo juu ya chipseti, yaani chipu inayounganisha prosesa na vifaa vingine. Mazabodi nyingi zenye chipseti ya X570, za prosesa za AMD, zinacho, na vumbi letu la kiangazi hukifanya kianze kulia mapema. Zenye chipseti ya B550, pia za AMD, kwa kawaida hazina, na bado zinaruhusu kuongeza kasi. Kwa prosesa za Intel, tafuteni mazabodi yenye chipseti ambayo jina lake linaanza na Z, na prosesa yenye herufi K kwenye jina lake.

Baridi ya Juni isiwadanganye: pimeni joto tena Oktoba, saa nane mchana.