Jirani ana mtoto anaumwa na ugonjwa haujulikani? Msaidie hivi

Jamani hili limenikaa moyoni, acha niliandike. Hapa Kiboriloni, Moshi, jirani yangu ana mtoto wa miaka 6, homa inakuja inaondoka, uzito unashuka, goti linavimba, miezi minane wanazunguka na kule walikoanzia kila wakienda wanaandikiwa malaria, mara taifodi, mara yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo), wanapewa dawa wanarudishwa nyumbani. Kwenye hiyo miezi baba kauza ng'ombe, mama kafunga genge lake, na sisi majirani pole tulisema sana ila nauli hakuna aliyeuliza. Sasa nawaambia tuliyojifunza tulipoamka.

Kwanza usiende pale na jina la ugonjwa ulilotunga kichwani mwako. Kila anayepita ana lake, huyu anasema mtoto katupiwa kitu, yule anasema ni kimeo, kile kinyama cha kooni, wakamkate, na kwa wale wachanga utasikia meno ya plastiki. Meno ya plastiki hayapo, ni meno ya mtoto yenyewe ambayo hayajatoka kwenye ufizi, wakiyang'oa kienyeji mtoto anatoka damu na kupata maambukizi, na kukata kimeo kienyeji ni hatari hivyo hivyo. Mama aliyechoka anaweza kukusikiliza, ndio maana chunga mdomo.

Pili, usimuulize "mnahitaji nini", atakujibu tuko sawa tu, wazazi wetu ndio walivyotulea. Uliza kliniki ni lini. Akisema Jumanne, mwambie Jumanne hii hapa nauli ya kwenda na kurudi, hawa wadogo watashinda kwangu, na jioni mkirudi mtakuta mtori. Akilazwa mtoto, gawaneni zamu ya kupeleka chakula na kumpokea mama akaoge, maana anayelala pale ni mmoja na anaisha.

Sasa hili la tatu ndilo lililotusaidia kuliko yote, daftari. Tulinunua kaunta buku moja, binti wa jirani mwingine aliyemaliza form four akawa anamwandikia mama. Ukurasa mmoja ulikuwa hivi: "Alhamisi. Homa imeanza saa 11 jioni, 39.2. Saa 4 usiku imeshuka. Hajala. Goti la kulia limevimba, asubuhi hataki kukanyaga." Kila siku, pamoja na jina la dawa aliyopewa na siku ngapi kaimeza. Vipele vikitoka piga picha hapo hapo na simu, maana ukifika kwa daktari vimeshapotea na unaonekana muongo. Majibu yote ya vipimo, hata ya zamani, weka kwenye faili moja, usitoke hospitali yoyote bila karatasi yako. Siku walipokwenda na lile daftari daktari alikaa akasoma kurasa zaidi ya kumi, akauliza mbona homa inakuja jioni tu, akaagiza vipimo ambavyo havijawahi kufanyika. Jina la ugonjwa bado halijapatikana lakini angalau wanajua nini kimeshaondolewa, na hilo ndilo swali la kuuliza kila mara, tumeshaondoa magonjwa gani na kinachofuata ni nini.

Wakikwama hapo walipo waombe rufaa, wasikae wanarudia dawa ile ile. Huku Moshi hospitali ya mkoa ni Mawenzi, juu yake KCMC ambayo ni ya kanda na ipo tangu 1971, wa Arusha mna Mount Meru. Kuhusu hela, mtoto chini ya miaka 5 sera inasema atibiwe bure vituo vya serikali, huyu wetu ameshavuka na ndipo mzigo ulipoanza. Hapo nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla bili haijawa kubwa, sio siku ya kutoka, ukiwa na barua ya mtendaji inayoeleza hali ya familia. Msindikize mama kwa mtendaji, aibu ya kusema "sina" mbele ya watu inawarudisha wengi mlangoni.

Mchango mfanye watu wawili, mmoja anashika hela kwenye simu mwingine anaandika, risiti zipigwe picha. Sisi jumuiya tumekubaliana kidogo kila mwezi kuliko kuchanga nyingi mara moja halafu kimya, kwa sababu ugonjwa wa namna hii hauna tarehe ya kuisha. Picha ya mtoto usiirushe kwenye magrupu bila ruhusa ya wazazi, ni mtoto wa mtu na kesho atarudi shule.

Baba naye msimsahau, wetu alikuwa haongei kabisa mpaka mzee mmoja akawa anamchukua jioni wanakwenda kukata majani pamoja.

Na ukikutana na mama asubuhi usianze na "majibu yametoka?", ameshaulizwa na watu watano kabla hajafika bombani. Muulize usiku amelala saa ngapi, halafu mpokee ndoo.