Pikipiki yako Uingereza na siku ya MOT

Mdogo wangu aliondoka Kayole mwaka juzi kwenda kufanya kazi ya kutunza wazee Uingereza. Zamu yake huanza alfajiri kabla ya mabasi, kwa hiyo alinunua pikipiki ndogo ya cc 125 (ukubwa wa injini). Wiki jana alinipigia simu usiku, sauti imemkauka: kaambiwa MOT ya pikipiki, yaani cheti chake cha ukaguzi, inakwisha mwezi ujao, na hajui aanzie wapi. Mimi nilikaa Leicester miaka saba kabla ya kurudi kufungua gereji yangu hapa Nairobi, na swali lake nimeulizwa na vijana wengi waliopitia mikononi mwangu wakaenda huko. Nimeona niliandike jibu lote mahali pamoja.

MOT ni ukaguzi wa kila mwaka wa kuthibitisha kwamba chombo kinafaa barabarani. Pikipiki mpya hupelekwa mara ya kwanza ikitimiza miaka 3 tangu isajiliwe, kisha kila mwaka. Ninazungumzia England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake. Kwa pikipiki isiyo na kigari cha ubavuni, kituo hakiruhusiwi kukutoza zaidi ya pauni 29.65. Ukikamatwa barabarani bila MOT, faini inaweza kufika pauni 1,000. Usitegemee kwamba hakuna atakayejua. Hakuna kibandiko cha kuonyesha askari, lakini kamera zao husoma namba pleti na rekodi yako iko kwenye kompyuta. Hata kodi ya barabara huwezi kuilipia upya MOT ikiwa imekwisha. Safari unayoruhusiwa ni ya kwenda kwenye ukaguzi uliokwisha kuuwekea miadi, au kwenda kutengenezewa.

Sasa nikwambie kinachotuangusha sisi tuliotoka huku. Mtu wa bodaboda Nairobi anakula kwa kutwa. Akiiacha pikipiki gereji siku nzima, jioni hakuna unga. Kwa hiyo tunatengeneza kinachozuia safari: klachi, plagi, tairi iliyopasuka. Taa ya breki itangoja, indiketa itangoja. Simlaumu mtu kwa hilo, maana nimelelewa na pesa hiyo hiyo ya kutwa. Lakini mkaguzi wa kule anaanza na vile vitu tunavyoviacha mwisho.

Mimi mwenyewe niliangushwa mara ya kwanza na taa ya breki. Nilikuwa nimefungua injini, nimebadilisha oili, nimeosha mpaka spoki zikang'aa. Mkaguzi akabana leva ya breki ya mbele, akaangalia nyuma: giza. Akakanyaga breki ya nyuma: taa ikawaka. Pikipiki yoyote iliyoanza kutumika tangu tarehe 1 Aprili 1986 lazima iwashe taa hiyo kwa breki zote mbili, kila moja peke yake. Kilichokufa kilikuwa kiswichi kidogo kilicho chini ya leva, kitu cha bei ya chakula cha mchana.

Basi wiki mbili kabla ya siku, toka nje jioni giza likiingia, simamisha pikipiki mbele ya ukuta mweupe na umwombe mwenzako akusaidie. Taa kubwa, ndogo, ya nyuma, indiketa zote nne, honi, na breki kama nilivyosema. Kile kioo chekundu cha nyuma kinachorudisha mwanga kiwepo, kisiwe kimepasuka. Usiridhike kuona kitu kinawaka. Taa kubwa inayopiga juu kwenye macho ya watu itakuangusha hata ikiwa na balbu mpya.

Tairi: kwa pikipiki inayozidi cc 50, meno yawe na kina cha milimita 1 au zaidi katika robo tatu ya upana wa tairi, na yaonekane mzunguko mzima. Wengi huchanganya na gari, ambalo hutakiwa milimita 1.6. Nunua kipimo kidogo, pima katikati hasa, kwa sababu pikipiki ya kwenda kazini kwenye barabara zilizonyooka huisha katikati huku pembeni pakionekana papya. Tazama ubavuni kama kuna nyufa.

Kisha usukani na shokabu za mbele, na hapa usiwe na haraka. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu toka kushoto hadi kulia. Ukisikia unakwama katikati kama umeingia kwenye kishimo, beringi zimekufa. Shika miguu ya shokabu uivute kuja kwako na kuirudisha. Ikigonga, kuna ulegevu. Pitisha kidole kwenye bomba la shokabu: kikitoka na oili, sili zimevuja. Huku kwetu tunafuta na kitambaa na kuendelea. Pale usifute tu, badilisha, kwa sababu ile oili huteremka hadi kwenye diski na pedi za breki, na siku ya mvua ndipo utakapojua.

Mnyororo usilegee wala usikaze kupita kiasi, na sproketi zisiwe zimechongoka kama meno ya papa. Majira ya baridi kule humwagwa chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inakula mnyororo, inang'ang'aniza pistoni za breki, inatoboa ekzosi. Nairobi vumbi ni adui, lakini huliosha likaondoka. Chumvi ioshe kila wiki kwa maji baridi, kausha, kisha pitisha mafuta ya mnyororo.

Namba pleti inawaponza sana vijana. Pleti ndogo ya urembo, au iliyotiwa giza, haipiti. Herufi ziwe na urefu wa milimita 64 na pleti ya nyuma iwe ya manjano. Ekzosi ya kelele iliyoandikwa kwamba si ya barabarani nayo irudishe kabatini. Moshi hawaupimi kwenye pikipiki, hilo lisikusumbue.

Kuhusu kituo: tafuta alama ya buluu yenye pembetatu tatu nyeupe. Lakini piga simu kwanza, kwa kuwa vituo vingi vinakagua magari pekee. Daraja la 1 ni pikipiki hadi cc 200, na daraja la 2 ni za ukubwa wowote. Una haki ya kutazama ukaguzi ukiwa mahali palipotengwa. Mimi nashauri utazame. Nilijifunza mengi kwa kusimama pale kimya.

Tarehe nayo ina hesabu yake nzuri. Unaweza kwenda mapema, mwezi mmoja kasoro siku moja, bila kupoteza tarehe yako. Kama inakwisha Juni 20, ukaenda Mei 21, ya mwakani itabaki Juni 20. Nenda mapema. Ukianguka, bado una siku za kutengeneza.

Matokeo huja kwa viwango. Kasoro ndogo na ushauri havikuangushi, ila yaandike na uyashughulikie. Kasoro kubwa inakuangusha. Kasoro ya hatari inakuangusha na pia huruhusiwi kuondoka ukiiendesha, hata kama cheti cha zamani hakijaisha. Itengenezwe hapo hapo au ibebwe. Ukiiacha kituoni itengenezwe na ikakaguliwa tena ndani ya siku 10 za kazi, hulipi ada ya pili. Ukiichukua ukatengeneze mwenyewe, kuna vitu vichache ambavyo ukirudi kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata havina malipo. Uliza dirishani kabla hujaondoka. Na ukiamini umeonewa, rufaa iko, ndani ya siku 14 za kazi. Usiitengeneze kabla rufaa haijaamuliwa, maana utakuwa umefuta ushahidi wako.

Wale ambao bado hamjanunua: chukua namba ya pikipiki unayoonyeshwa, ingia tovuti ya serikali, soma historia yake ya MOT. Ni bure. Utaona kila mwaka ilianguka kwa nini, ilikuwa imetembea maili ngapi. Kama mwaka juzi ilisoma maili 19,000 na leo dashibodi inasema 11,000, rudisha pesa mfukoni. Na leseni yako ya Kenya, hata kama ina pikipiki, inakufaa miezi 12 tu tangu uwe mkazi. Baada ya hapo ni leseni ya muda ya kule, kozi ya siku moja ya CBT (mafunzo ya msingi ya lazima ya pikipiki) ambayo cheti chake hudumu miaka 2, na herufi nyekundu ya L nyuma na mbele.

Mdogo wangu ameweka miadi Jumatano asubuhi. Jana usiku tulikaa kwenye simu ya video, yeye ameshika tochi na mimi namwelekeza. Swichi ya leva ya mbele ilikuwa imekufa. Ameagiza nyingine.