Kuangalia Dark na wenzako bila kuwaharibia utamu

Kama umeshaimaliza Dark, ile tamthilia ya Kijerumani ya 2017 hadi 2020, na sasa unataka kuwaonyesha wenzako, kaa nyuma yao. Uso wako utawapa siri kabla ya skrini. Binamu yangu akinisikia nimeshusha pumzi tu, ashajua kuna jambo.

Wekeni daftari kati. Kila mtu wa Winden, mji wa tamthilia hiyo, aandikwe jina na mwaka wake: 1953, 1986, 2019. Miaka hiyo inapishana kwa 33, na asiyeandika atapotea.

Sehemu ya 5 ya msimu wa kwanza ndiyo yenyewe. Jonas, kijana mhusika mkuu, akishasoma barua ya babake, simamisha. Usieleze kitu! Waache wapige kelele, wabishane, warudishe nyuma. Sisi hapa Langoni tulimwagika barazani usiku ule, jirani akafungua dirisha kuuliza nani kafa. Mimi naipenda hiyo kelele kuliko tamthilia yenyewe.

Atakayedai alijua tangu mwanzo, mwambie afungue daftari aonyeshe alipoandika. Sehemu ya 6 iwe kesho, baada ya Isha.