Kuchagua godoro la matabaka ya mpira wa asili
Anayetaka kununua godoro la matabaka ya mpira wa asili, yaani lile linalotengenezwa kwa utomvu wa mti wa mpira, namsihi asilibonyeze kwa kiganja tu akaridhika, bali alale juu yake kwa dakika 15 hivi, katika mkao ule ule anaolalia nyumbani, kwa sababu mkono haupimi kile ambacho bega na nyonga huhisi. Alalaye kwa ubavu huhitaji tabaka laini juu, ili bega lizame kidogo na uti wa mgongo ubaki umenyooka. Alalaye kifudifudi huhitaji gumu zaidi, tumbo lisije likadidimia. Mpira unaotengenezwa kwa njia iitwayo Dunlop huwa mzito na imara, hivyo unafaa kuwa tabaka la chini, ilhali ule wa njia nyingine, iitwayo Talalay, ambao hugandishwa kwa baridi kabla ya kuokwa, kwa kawaida huwa mwepesi na wenye kunesa zaidi. Binafsi nasisitiza kava lenye zipu, kwani humwezesha mwenye godoro kubadilisha mpangilio wa matabaka, au tabaka moja tu lililochoka, bila kununua godoro jipya. Mianya kati ya chaga za kitanda isizidi sentimita 7 au 8, na godoro lisianikwe juani, maana jua huukausha mpira ukapasuka.